Fogo, Isle Royale, Pate au Wasini: msanii wa Mombasa aende kisiwa gani kufanya kazi?

Vijana wawili walinijia barazani baada ya Alasiri, hapa Mji wa Kale. Mmoja huchora kwa rangi za mafuta. Mwenzake hurekodi sauti: wavuvi wakivuta nyavu, mafundi wakichonga milango, akina bibi wakiimba nyimbo za harusi. Wote wawili wanataka kwenda kisiwa cha mbali wakakae mwezi au zaidi, wafanye kazi bila kukatizwa. Wasanii wa hapa huita residensi: unapewa nyumba, unapewa pahali pa kufanyia kazi, pengine na posho, nawe huna jukumu jingine ila kazi yako. Wakaniuliza, "Mwalimu, twende wapi?" Niliwajibu siku ileile, lakini jibu lilikuwa refu na Magharibi ikatukatiza. Hili hapa kwa ukamilifu, kwa ajili yao na kwa yeyote mwenye swali kama lao.

Sisi wenyewe ni watu wa kisiwa. Aliyezaliwa Kibokoni au Majengo anaweza kupitisha juma zima bila kulikumbuka hilo, mpaka asimame Likoni akisubiri feri. Msanii wa Berlin au wa Nairobi akienda kisiwani, maji ya pande zote ndiyo kitu kipya kwake, na upya huo unaweza kumzindua. Kwetu maji si mapya. Tunachokifuata ni umbali, na umbali wenyewe lazima tujue tunaupima kwa nini.

Maana kinachomla msanii wa Mombasa wakati wake si uvivu. Ni wito. Binamu anaolewa, jirani amefiwa, mtoto wa dada anapelekwa hospitali, mgeni katoka Tanga na sharti apokewe. Huwezi kukataa, wala sitamani kuishi mahali ambapo ningeweza kukataa. Watu hao hao ndio watakaonibeba siku yangu. Lakini picha inayotaka siku ishirini mfululizo haizipati katika nyumba zetu. Kwa hiyo mimi hupima hivi: kisiwa cha mbali ni kile ambacho ukiitwa nyumbani, huwezi kufika. Kilomita zinakuja nyuma ya hapo.

Nimeweka vinne kwenye mizani. Viwili viko ng'ambo na vina mpango rasmi wa kupokea wasanii: Fogo, kando ya kisiwa kikubwa cha Newfoundland, pwani ya mashariki ya Canada, na Isle Royale, ndani ya ziwa Superior kule Marekani. Viwili viko kwetu na mpango utaupanga mwenyewe: Pate, katika visiwa vya Lamu, na Wasini, mkabala na Shimoni. Hivi viwili vya kwetu nimelala. Vile vya ng'ambo navisema kwa yaliyoandikwa juu yake, ambayo nimeyasoma kwa miaka kadhaa nikiwa na fomu mkononi.

Njia ya kufika

Kwenda Wasini, ukisali Alfajiri Mombasa unavuka Likoni kwa feri, unapanda matatu ya Ukunda, kisha ya njia ya Lunga Lunga, unashuka Kanana na kuingia Shimoni. Boti ya kuvuka mlango wa bahari hadi kisiwani ni mwendo mfupi. Kabla ya Adhuhuri umeshafika, na mkate wa mofa ulioununua asubuhi bado ni laini.

Pate ni safari ya siku mbili kwa mtu asiye na haraka. Basi linapita Malindi na Garsen mpaka Mokowe, takriban kilomita 350, halafu boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, na huko utalala. Kesho yake unatafuta boti ya Mtangawanda. Hapo ndipo saa yako ya mkononi inapokosa kazi, kwa sababu boti zinapita Mkanda, njia nyembamba ya maji kati ya Manda na bara, na maji yakipwa chombo hakipiti. Uliza maji yanajaa lini, usiulize saa ngapi tunaondoka. Na kwa barabara ya Lamu, safiri mchana na usikilize matangazo ya usalama ya siku hizo. Hilo si la kupuuzwa.

Kwenda Fogo unaruka kutoka Moi hadi Nairobi, halafu bara jingine, halafu Canada, ukateremke mji mdogo uitwao Gander. Kutoka hapo ni gari mpaka kwenye gati la feri linaloitwa Farewell, yaani Kwaheri, ndipo uvuke. Isle Royale nayo: ukishavuka Marekani nzima mpaka mji wa Houghton, jimbo la Michigan, meli ya hifadhi huchukua kama saa sita.

Kwa kipimo changu, basi, Wasini si mbali hata kidogo. Pate ni mbali kiasi. Fogo na Isle Royale ni mbali kabisa: hata mauti yakitokea nyumbani, utazikiwa bila wewe kuwepo. Mtu alifikirie hilo kabla ya kufurahia barua ya mwaliko.

Fogo, kisiwa kilichosikilizwa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu habari ya Fogo inanigusa kuliko uzuri wa picha zake.

Watu wa Fogo waliishi karne nyingi kwa samaki mmoja wa maji ya baridi, waliyemtia chumvi na kumkausha kama tunavyofanya ng'onda. Katika miaka ya 1960 serikali ilitaka wenyeji wa vijiji vya mbali wahamishiwe mahali penye huduma. Mwaka 1967 wakaja watengenezaji filamu wa bodi ya taifa ya filamu ya Canada, wakiongozwa na Colin Low, pamoja na watu wa chuo kikuu cha Memorial. Waliwarekodi wavuvi wakieleza shida zao, kisha wakaonyesha filamu zile katika vijiji vyenyewe. Vijiji vilivyokuwa havizungumzi vikasikilizana kupitia kitambaa cheupe ukutani, vikagundua kuwa shida ni moja. Wakaunda chama cha ushirika cha wavuvi, na hawakuhama.

Mwaka 1992 likaja pigo la pili: Canada ilisimamisha uvuvi wa samaki yule kwa sababu alikuwa karibu kwisha baharini. Wengi wakaondoka kutafuta kazi bara. Miongoni mwa wazaliwa wa Fogo alikuwapo Zita Cobb, aliyetajirika katika biashara ya nyaya za mawasiliano za nuru. Alirudi, na pamoja na ndugu zake wakaanzisha taasisi ya Shorefast. Mpango wa wasanii ulianza mwaka 2008. Msanifu Todd Saunders, mzaliwa wa Newfoundland anayeishi Norway, aliwachorea karakana nne, kila moja peke yake, zimesimama juu ya miamba kwa nguzo, zikitazama bahari. Msanii halali humo. Analala katika nyumba ya zamani ya kijijini, kati ya majirani, na anakwenda kazini kwa miguu. Kisha mwaka 2013 ikafunguliwa hoteli ya vyumba 29, na ziada inayopatikana hurudishwa kisiwani.

Kwa nini nayaeleza yote haya kwa mtu anayetaka tu kujua aende wapi? Kwa sababu yanabadilisha namna utakavyopokelewa. Kisiwa ambacho kimewahi kuona kazi ya kamera ikiwasaidia watu wake wasihamishwe hakimtazami msanii kama mpita njia. Na wenyeji wana ufundi wao: mashua ndogo za mbao wanazounda wenyewe, mablanketi ya viraka yanayoshonwa na akina mama. Msanii aliyekulia karibu na mafundi wa majahazi na wauza leso wa Biashara Street atakuwa na la kuzungumza nao tangu siku ya kwanza.

Baridi ndiyo mtihani. Sisi tuna kaskazi na kusi, na kati yao mvua za masika na vuli. Watu wa Fogo huhesabu misimu saba, mmoja ukiwa ni ule ambao vipande vya barafu hufunga bahari, na mwingine ni wa kuchuma matunda ya porini. Mwishoni mwa masika yao na mwanzo wa kiangazi milima ya barafu hupita ikielea mbele ya vijiji. Ukipewa nafasi ya kuchagua, mtu wa pwani yetu achague Juni hadi Septemba kwa safari yake ya kwanza. Akienda Februari, mwezi mzima utaishia katika kujifunza kuvaa. Aangalie pia kalenda ya Hijria, kwa kuwa kiangazi cha kule mchana ni mrefu sana, na saum yake si ya kuichukulia wepesi. Chakula hakitakuwa tatizo kubwa kwa Muislamu: samaki ni halali popote.

Upande wa pesa, mpango wa Fogo umekuwa na desturi ya kugharimia nyumba, karakana, safari na posho. Soma wito wa mwaka wako mstari kwa mstari, maana masharti hubadilika, na mara nyingine nafasi ni za kualikwa. Halafu kuna viza. Pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Canada, na alama za vidole hutolewa Nairobi, kwa hiyo hesabu nauli ya treni kutoka Miritini na malazi ya huko kabla hujahesabu kitu kingine. Namjua mchoraji wa hapa Mombasa aliyepata mwaliko wa nchi ya baridi, si Fogo, akaanza kushughulikia viza zikiwa zimebaki wiki tano. Mwaliko ulipita, viza haijatoka. Anza miezi sita kabla, hata kama watu watakuona una wasiwasi mwingi.

Jambo jingine la Fogo ambalo waombaji hawalifikirii ni saa. Saa za Newfoundland zinapishana na zetu kwa saa tano na nusu wakati wa kiangazi, sita na nusu wakati wa baridi. Nyumbani wakiwa wametoka Isha saa mbili usiku, kule kiangazi ni saa nane na nusu mchana, ndipo kazi imekolea. Simu zote za mapenzi na za matatizo zitakuangukia hapo hapo. Patana nao kabla hujaondoka.

Isle Royale, kwa ufupi

Hiki ni kisiwa cha hifadhi ya taifa, kina urefu wa kilomita 70 na ushei, hakina magari, na hufungwa kabisa kuanzia Novemba hadi katikati ya Aprili. Msanii hupewa kibanda cha mbao kwa wiki mbili au tatu za kiangazi, pamoja na mtumbwi. Hakuna umeme wala maji ya mfereji. Chakula unabeba wewe. Malipo yake ni kuzungumza na wageni wa hifadhi juu ya kazi yako, na baadaye kuipa hifadhi kazi moja uliyoifanya kutokana na kisiwa kile.

Kuna mbwa mwitu na kuna wanyama wakubwa wa jamii ya paa wenye pembe pana kama sinia, na wataalamu wamefuatilia jinsi makundi hayo mawili yanavyoshindana tangu mwaka 1958. Ni miongoni mwa tafiti ndefu za aina hiyo duniani. Ziwa lenyewe ndilo kubwa kuliko yote ya maji matamu kwa eneo, Victoria letu likifuata. Kwa aliyekulia Mombasa, kutazama maji yasiyo na mwisho na kuambiwa hayana chumvi ni jambo la kukaa nalo. Lakini usiyanywe hivi hivi: sharti yachemshwe au yachujwe, kwa sababu ya mayai ya tegu yanayotokana na wanyama.

Nakipenda kwa kukisoma. Hata hivyo simshauri mtu wa Mombasa akiombe kikiwa ndicho cha kwanza. Kuvuka dunia kwa wiki mbili na ushei, kwa gharama ya viza na tiketi, kisha ufike mahali ambapo siku tano za mwanzo utakuwa unajifunza kuwasha jiko, ni hesabu mbaya. Aliye tayari Marekani kwa masomo au kwa jamaa, huyo ajaribu.

Pate, na Shela njiani

Ukitaja Lamu kwa wachoraji, wengi watakutajia Shela, jirani na Amu, na hawakosei. Tangu 2011 pamekuwa na tamasha la wachoraji ambalo huwaalika watu wa Ulaya na wa Kenya, wakae majuma kadhaa wakichora nje: punda, majahazi, vivuli vya kuta za matumbawe. Ukialikwa, nenda. Utajifunza mengi kwa kusimama karibu na mkono wa mwenzako. Ila Shela ni mji wa wageni siku hizi, vyumba vyake vina bei ya wageni, na mwanga wake umeshachorwa na mikono mingi. Kwa kazi ya peke yako, mimi ningeendelea mbele mpaka Pate.

Pate ina miji iliyokuwa mikubwa kabla ya Nairobi kuwa na jina: Pate yenyewe, Siyu, Faza. Siyu ilisifika kwa wanazuoni na waandishi wa misahafu kwa mkono, na kwa mafundi wa ngozi. Ngome yake ilijengwa na watu wa Siyu wenyewe katika karne ya 19. Sisi wa Mombasa, ambao Fort Jesus yetu ilianzishwa na Wareno mwaka 1593, tuliangalie hilo mara mbili. Karibu na hapo kuna magofu ya Shanga, ambako wachimbuzi walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Ukitaka kuweka turubai ndani ya magofu, omba ruhusa kwa watu wa Makumbusho ya Taifa ukiwa bado Amu.

Lakini mali kubwa ya Pate kwa msanii ni masikio. Ndani ya kisiwa kimoja utasikia Kipate, Kisiu na Kitikuu, na mwenye sikio zuri atajua mtu katoka kijiji gani kabla hajamaliza salamu. Kule Fogo kijana wa kurekodi angesikia Kiingereza cha wavuvi na, katika kijiji cha Tilting, lafudhi iliyoletwa na mababu kutoka Ireland. Angekirekodi vizuri. Lakini asingejua ni wapi mzungumzaji kaficha utani, wapi kakosea makusudi, wapi karudisha neno la nyanya yake. Pate atajua, au ataona haya kwa kutojua na atauliza.

Aende na adabu. Asitoe kinasa sauti siku ya kwanza. Aanze kwa mzee wa mtaa, aeleze yeye ni mtoto wa nani, anataka nini, na sauti zitakwenda wapi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, na hata isingekuwapo, wimbo wa bibi ni wa bibi. Amlipe, amwachie nakala, na kama bibi atasema ubeti huu usitoke nje ya nyumba hii, usitoke.

Wasini, na siku zangu zilizopotea

Nilikaa Mkwiro wakati wa kaskazi, mwaka 2019. Kisiwa kina vijiji viwili vikubwa, Wasini na Mkwiro, na gari hakuna. Nilipatana na mama mmoja mjane anipe chumba na chakula cha nyumbani, nikafanya kazi kwa wino mweusi na karatasi nene. Hakukuwa na mpango, wala barua, wala kamati. Nilipeleka salamu kupitia mtu wa Shimoni, nikajibiwa njoo.

Kitu nilichokifuata ni ile bustani ya matumbawe ya kale iliyo nyuma ya kijiji cha Wasini, ambayo akina mama wa kisiwa wameitandikia njia ya mbao na wanaiendesha wenyewe. Mawe yale yalikuwa chini ya bahari zamani. Sasa yamesimama nchi kavu katikati ya mikoko, marefu kuliko mtu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hurudi na kuingia miguuni mwake. Siku za maji mafu haifiki. Nilitaka mfululizo wa michoro kumi na miwili ya jinsi maji yanavyopanda hatua kwa hatua, nikitembea kila siku kutoka Mkwiro.

Siku kumi za mwanzo zilikuwa za baraka. Nilikuwa nimeshajifunza kivuli cha kila jiwe, na bamvua ilikuwa imeanza. Siku ya kumi na moja simu ikalia: binti ya mamangu mdogo anaolewa, tarehe imesogezwa mbele, na mimi ndiye niliyeahidi kumshughulikia singo na hina. Mwenyeji wangu akaniona nimekaa na karatasi mapajani. Akasema, "Mwanangu, ukiwa waitwa, nenda. Bahari ipo." Nikaenda. Nilitoka Alhamisi, nikarudi Jumanne. Harusi ilikuwa njema, na sijutii kumpaka yule mtoto hina.

Lakini bamvua ilikuwa imepita. Maji yalikuwa mafu, miguu ya mawe mikavu, nami nilikuwa na michoro minne kati ya kumi na miwili. Nilingoja zaidi ya wiki moja bahari ipande tena. Iliporudi, mkono wangu ulikuwa umebadilika. Michoro ya kwanza na ya mwisho haifanani, kila mtu akiiona ananiuliza kama ni ya watu wawili. Wasini haina kosa katika hilo. Ndivyo ilivyo kwa kisiwa ambacho ukiitwa asubuhi, mchana uko nyumbani.

Mengine ya Wasini ni haya. Maji matamu ndiyo taabu yake ya miaka yote: visima hutoa maji ya chumvi, na watu wametegemea mvua inayovunwa na maji ya kuvushwa kutoka bara. Kama unachora kwa rangi za maji, kumbuka kila ndoo unayochafua ni ndoo ya mtu. Mimi nilibeba madumu yangu mawili. Unyevu wa chumvi hukunja karatasi na kuzitia ukungu, hivyo zifunge kwenye plastiki kila usiku. Kivumba kinachosemwa pale ni kitamu kusikiliza. Vaa kwa stara, omba kabla ya kupiga picha, na usipange kazi yoyote Ijumaa kabla ya saa nane.

Nani aende wapi

Mwenye kazi ambayo hajaijua bado, anayehitaji kitu kigeni kimtoe katika mazoea, Fogo ndiyo ya kuombea. Hakuna kati ya vinne hivi kinachompa msanii nyumba, wakati, pesa na majirani kwa pamoja kama kile. Ila ajue anashindana na dunia nzima, na aombe huku akiendelea kufanya kazi pengine, maana majibu ya "samahani" ni mengi kuliko ya "karibu". Mchoraji wa mafuta asibebe tapentaini kwenye ndege, haitaruhusiwa kwa kuwa inashika moto. Aulize kabla kama itapatikana huko. Betri za kinasa sauti nazo zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mwenye kazi inayokula lugha, ufundi wa mikono au kumbukumbu za wazee, aende Pate, tena asiende kwa chini ya wiki sita. Wiki mbili za mwanzo ni za salamu, na haziwezi kufupishwa.

Mwenye kazi iliyokwisha kuanza, anayejua hasa anachotaka na hana pesa, Wasini inamtosha. Ni rahisi, iko karibu, na ukisahau brashi unaweza kuagizia kwa matatu. Lakini aifanye kuwa mbali kwa makusudi. Mimi sikufanya hivyo, na nimeeleza gharama yake.

Swali la mwisho la wale vijana lilikuwa la jina: je, wasifu wa msanii ukiandikwa "Mkwiro" utahesabiwa kama ulioandikwa "Fogo"? Kwa kamati za ng'ambo, hapana, si leo. Lakini kamati hizo hizo huanza kwa kutazama kazi, na mtu aliyekaa Mkwiro siku arubaini akamaliza michoro kumi na miwili ana cha kuonyesha kuliko aliyengoja Fogo miaka mitatu mikono mitupu. Swahilipot pale karibu na Fort Jesus kuna vijana wanaosaidiana kupiga picha kazi zao na kuandika maombi. Waende hapo na folda iliyojaa.

Yule wa sauti ameamua Pate. Anangoja kaskazi itulie, na ameanza kumtafuta mtu wa Siyu anayekaa Mombasa ili amwandikie barua ya kumtambulisha. Yule wa rangi anakwenda Wasini mwezi wa Januari, na turubai ndogo kumi, si kubwa tatu kama alivyotaka mwanzo. Simu yake ataiacha kwa mamake, Makadara. Nilikuwepo walipokuwa wakipatana. Mama alifikiri kwa muda, akahesabu kwa vidole nani anaumwa na nani anatarajia kujifungua, halafu akasema harusi zote atamwakilisha yeye, na kwa jambo la mauti atamtuma mtu Shimoni.